Kushona Bila Kiguu: Somo kwa Wenye Kuanza



Wengi wenu mnapita karibu na chumba cha kushona, mnachungulia kwa dirisha, kisha mnauliza: "Wale wanafanya nini? Mbona wanasukuma kitambaa kila upande, sawa mtu anayepangusa meza?" Swali hili tumelisikia mara nyingi. Kwa hiyo sisi viongozi wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho tumeona vizuri kulijibu kwa maandishi, ili hata yule ambaye hajashika mashini hata siku moja apate kuelewa, na akitaka, apate kuanza. Tunaandika pole pole na kwa utaratibu. Soma sehemu moja, nenda ujaribu, kisha rudi usome ingine.

1. KAZI HII NI NINI?

Mashini ya kushona iko na vitu viwili vinavyoongoza kitambaa. Cha kwanza ni kile kiguu kidogo cha chuma kinachokanyaga kitambaa kutoka juu. Cha pili ni meno yanayotokea chini, katika lile bamba la chuma. Kiguu kinabana, meno yanasukuma, na kitambaa kinakwenda mbele chenyewe, hatua kwa hatua, kila hatua sawa na ingine. Fundi anaongoza tu ili mstari usipinde. Hivyo ndivyo tunavyoshona suruali, shati, pazia na uniformu.

Katika kazi tunayoifundisha leo tunaondoa kiguu na tunalaza meno. Sasa hakuna kitu kinachosukuma kitambaa. Sindano inapanda na kushuka fasi moja tu. Ukiacha kitambaa bila kukigusa, sindano itatoboa tundu moja lile lile mpaka uzi ukatike. Lakini ukikisogeza kuume, mshono unakwenda kuume. Ukikizungusha, mshono unazunguka. Unaweza kuchora jani, ua, mawimbi ya maji, hata kuandika jina lako.

Fikiri hivi. Unapoandika katika daftari, karatasi inakaa na kalamu inatembea. Hapa ni kinyume: kalamu imefungwa, karatasi ndiyo inatembea. Aliyeshika jambo hili moja ameshika nusu ya somo.

Kazi hii iko na matumizi matatu. Ya kwanza ni kutarizi maua kwa shingo ya bluzi ya kikwembe ao kwa kitambaa cha meza. Ya pili ni kuziba tundu la nguo iliyochakaa, kwenda na kurudi mpaka tundu lifungwe. Ya tatu ni kushikanisha bulangeti ya viraka: vikwembe juu, kitu cha joto katikati, kitambaa kingine chini, na mshono unaopita katika vyote vitatu ili visitembee. Hii ya tatu ndiyo tunaipenda zaidi, na ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya somo letu.

2. WALIOTUTANGULIA

Mtu asiseme kwamba kushona viraka ni kazi ya wenye kukosa akili ao ya wenye kukosa kitu. Ni kweli kwamba viraka vilianza kwa shida, lakini akili ilikuwako tangu mwanzo.

Katika jimbo la Karnataka, huko India, kunakaa watu wanaoitwa Siddi. Mababu zao walitoka Afrika. Wengi walichukuliwa utumwani kupitia bahari ileile ya Hindi inayopiga Mombasa na Zanzibar. Wanawake wa Siddi wanashona bulangeti kwa mkono, kwa sari na nguo zilizochakaa. Wanaiita kawandi. Wanaanza kwa pembe, wanazunguka ukingo, na wanaingia pole pole mpaka katikati. Pembe nne zinapambwa kwa vipande vya pembetatu vilivyokunjwa, na kwa macho yao bila pambo lile kazi haijakamilika.

Huko Marekani, katika jimbo la Georgia, Harriet Powers alizaliwa mtumwa katika mwaka wa 1837. Kisha ya kupata uhuru alishona bulangeti yenye picha za Biblia: Adamu na Eva, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu. Aliionyesha katika maonyesho ya mwaka wa 1886. Mtu mmoja alitaka kuinunua, yeye akakataa. Miaka ikapita, shida ikaingia nyumbani, akaiuza kwa dola 5. Leo iko Washington, katika nyumba ya kutunza vitu vya historia ya taifa. Bulangeti yake ya pili iko Boston. Ndani yake alishona usiku wa mwaka wa 1833, wakati watu waliona nyota nyingi zikianguka kutoka mbinguni. Alitumia mkono na alitumia mashini pia.

Tena katika jimbo la Alabama, wanawake weusi wa Gee's Bend na vijiji vya karibu walishona kwa nguo za kazi zilizokwisha kuchakaa shambani. Katika mwaka wa 1966 walianzisha chama cha ushirika cha kushona na kuuza bulangeti, wakati ambapo wazungu wengi waliwabana weusi waliotaka kupiga kura.

Na mashini yenyewe? Elias Howe alipata hati ya serikali kwa mashini yake katika mwaka wa 1846, na Isaac Singer kwa ya kwake katika 1851. Mashini nyingi tunazoziona huku kwetu, za Singer ao za Butterfly zinazotoka Shanghai, ziko na mwili karibu wa namna moja. Pedali yake inakanyagwa kwa miguu. Haiulizi kuremeni ya umeme, na taa ikizimika kazi haisimami. Kwa mji wetu hii si faida ndogo.

3. VYOMBO

Hakuna haja ya vitu vya bei. Tafuta hivi:

Mashini ya pedali iliyosafishwa na kutiwa mafuta. Sindano mbili ao tatu, namba 14 kwa vitambaa viwili, namba 16 kwa bulangeti nzito. Uzi wa namna moja juu na katika kaneti. Makasi. Turnevisi ndogo ya kuondoa kiguu. Vipande vya vikwembe, ambavyo mafundi wa soko wanavifagia kila jioni. Uliza kwa heshima: "Mukubwa, tunaomba vile vipande vya chini, tuko tunajifunza," na mara nyingi utapewa. Pini za kufunga, zile za mtoto. Na daftari kuukuu ya mistari, ambayo tutaieleza mbele kidogo.

Kwa kutarizi kitambaa kimoja chepesi unahitaji pia duara mbili za mti, moja inaingia ndani ya ingine, za kukaza kitambaa. Angalia vizuri: kwa mkono, kitambaa kinakuwa juu ya duara kama ngoma. Kwa mashini ni kinyume. Duara kubwa inalazwa chini, kitambaa juu yake, halafu duara ndogo inasukumwa ndani. Hivyo kitambaa kinalala sawasawa juu ya bamba la mashini. Kikiinuka, sindano itaruka mishono. Kwa bulangeti nene duara hizi hazitumiki. Mikono yako miwili ndiyo inakuwa duara.

4. KUTAYARISHA MASHINI

Kwanza, fungua visi na uondoe kiguu. Kuna mashini zinazokuja na kiguu cha pekee chenye springi, kinachoruka pamoja na sindano. Ukiwa nacho, kitumie, kinasaidia sana. Usipokuwa nacho, tumika bila kitu.

Pili, laza meno. Mashini zingine ziko na kifungo cha kuyashusha. Zile ambazo hazina, weka kipimo cha urefu wa mshono kwa sifuri. Meno yatapanda na kushuka lakini hayatasukuma mbele wala nyuma.

Tatu, na hapa wenye kuanza wengi wanakwama: shusha ule mkono wa nyuma unaoshusha kiguu, hata kama kiguu hakiko. Mkono huo unakaza uzi wa juu pia. Ukibaki juu, uzi wa juu unatoka bila kizuizi, na chini ya kitambaa unapata fundo kubwa sawa kiota cha ndege. Mtu anafikiri mashini imeharibika, kumbe ni mkono tu.

Nne, ingiza kitambaa, zungusha gurudumu kwa mkono mara moja, na uvute uzi wa kaneti utokee juu. Shika nyuzi zote mbili kwa vidole wakati wa mishono mitatu ya kwanza. Kisha zikate karibu.

Tano, vidole. Kile kiguu kilikuwa pia kinalinda vidole vyako. Sasa ulinzi umeondoka. Weka mikono kuume na kushoto ya sindano, mbali kwa upana wa vidole vitatu. Ukitaka kubadilisha mikono, simamisha miguu kwanza. Sindano ishuke ndani ya kitambaa ili kitambaa kisikimbie, halafu sogeza mikono. Hapana kuongea na mwenzako wakati mashini inatembea.

5. MAZOEZI MANNE

Zoezi la kwanza: karatasi. Toa uzi wote. Weka sindano kuukuu, kwa sababu karatasi inamaliza makali ya sindano. Rarua ukurasa wa daftari ya mistari na ujaribu kufuata mstari. Ukimaliza, inua karatasi mbele ya dirisha na uangalie matundu. Matundu yakiwa karibu karibu sana, miguu ilikimbia na mikono ikachelewa. Yakiwa mbali mbali, mikono ilikimbia na miguu ikachelewa. Yakiwa sawasawa, hapo umeanza kujua. Tafuta matundu matatu ao manne katika sentimetri moja. Zoezi hili halili uzi wala kitambaa, na linaonyesha ukweli wote. Karatasi haisemi uongo.

Hapa tena jifunze pedali. Mashini ya miguu iko na tabia ya kurudi nyuma wakati wa kuanza, na ikirudi nyuma uzi unakatika. Anza kwa kuzungusha gurudumu kuelekea kwako kwa mkono wa kuume, halafu miguu inafuata. Endesha kwa mwendo mmoja, sawa mtu anayetembea njia ndefu kwenda Nyankunde: hakimbii, lakini hasimami.

Zoezi la pili: mistari. Weka uzi. Chukua vitambaa viwili vilivyolazwa pamoja. Shona mstari kwenda mbele, kisha kurudi nyuma, kisha kuume, kisha kushoto, bila kugeuza kitambaa. Mwenye kuanza anataka sana kukigeuza, sababu amezoea kiguu. Zuia mikono yako. Kitambaa kisogezwe, kisizungushwe.

Zoezi la tatu: jina. Andika jina lako kwa herufi za kushikana, kama tulivyofundishwa katika darasa la kwanza. Kwanza jaza mstari mzima wa herufi e, halafu l, halafu m. Mkono wako unajua tayari herufi hizi, kwa hiyo akili inabaki huru kuangalia mwendo. Usishangae kama jina lako linaonekana sawa limeandikwa na mtoto. Kila mtu anarudi darasa la kwanza hapa, hata mwenye maandishi mazuri kuliko wote.

Zoezi la nne: njia ya mto. Fikiri mto Shari unavyokwenda, unapinda huku, unapinda kule, lakini haujikati wenyewe hata mara moja. Jaza kipande cha sentimetri 30 kwa 30 kwa mshono mmoja unaopinda hivyo, usikate uzi, usivuke mstari wako. Usiangalie sindano, angalia fasi unayotaka kwenda. Ukiangalia sindano, mkono unaganda. Huu ndio mshono utakaotumia katika bulangeti, kwa sababu unashika fasi yote na hauonyeshi haraka makosa madogo.

Mtu asitoke zoezi moja kwenda lingine kwa sababu amechoka nalo. Atoke kwa sababu amelijua. Dakika 15 kila siku zinafaa kuliko saa tatu siku moja ya posho.

6. KASORO NA DAWA YAKE

Siku moja mwenzetu alisema, "Mama, uzi unakatika kila mara, hii mashini ni mbaya." Mama mwalimu akajibu, "Angalia mikono yako mbele ya kuangalia mashini, mutoto wangu." Tumekusanya hapa maneno yake ya namna hii.

Sindano ikivunjika: ulivuta kitambaa kwa nguvu wakati sindano iko ndani. Ilipinda, ikapiga bamba. Sogeza bila kuvuta, na miguu iongeze mwendo.

Uzi wa chini ukionekana juu kama vidoti: uzi wa juu umekazwa sana. Legeza kidogo ile visi ya kukaza uzi, nusu ya mzunguko, halafu jaribu tena kwa kipande kingine.

Uzi wa juu ukifanya vitanzi chini: angalia kwanza kama ule mkono umeshushwa. Ukiwa umeshushwa, kaza uzi wa juu kidogo.

Vitanzi vikitokea fasi ya kupinda tu, sawa kope za jicho, na mistari ya kunyooka iko mizuri: dawa haiko kwa visi. Mikono inakimbia wakati wa kupinda. Tembea polepole katika kona.

Mishono ikirukwa: kitambaa kinainuka pamoja na sindano. Kikaze kwa mikono miwili ao kwa duara. Sindano ikiwa imepinda ao imekwisha makali, ibadilishe.

Mnaona? Kasoro nyingi hazitoki kwa mashini. Zinatoka kwa kutopatana kwa miguu na mikono. Kiguu na meno vilikuwa vinapatana bila sisi kujua. Tulipoviondoa tulipata uhuru wa kwenda kila upande, lakini kazi ya kupatanisha ilibaki kwetu.

7. BULANGETI YA VIRAKA

Ukimaliza mazoezi manne, anza bulangeti ndogo ya mtoto mchanga, sentimetri 90 kwa 90. Hesabu ni hii. Kata viraka vya sentimetri 12 kwa 12. Kila upande sentimetri 1 inaingia katika mshono, kwa hiyo kiraka kinabaki 10 kwa 10. Unahitaji 9 kwa upande mmoja na 9 kwa upande mwingine, jumla 81. Mbele ya kukata, fua vikwembe vyote, kwa sababu vipya vinapunguka na vinatoa rangi. Piga pasi.

Viraka vinaunganishwa kwa njia ya kawaida, na kiguu na meno. Kushona bila kiguu kunakuja nyuma.

Sasa laza kitambaa cha chini juu ya meza ao mkeka safi, uso wake uangalie chini. Juu yake weka kitu cha joto. Bulangeti kuukuu iliyofuliwa inafaa, ao flaneli. Juu kabisa weka viraka. Vitatu hivi vikamatishe kwa pini ao kwa nyuzi ndefu za mkono, kila upana wa kiganja, ukianza katikati kwenda pembeni. Ukianza pembeni, hewa na mikunjo vinakusanyika katikati na haviondoki tena. (Wamama wa Siddi wanaanza pembeni, lakini wao wanashona kwa mkono na wanapanga vipande wakienda, mashini haitoi nafasi ile.)

Kunja upande wa kuume kama mkeka ili upite chini ya mkono wa mashini. Anza katikati, shona njia ya mto, nafasi ya vidole vitatu kati ya mstari na mstari. Toa pini mbele ya kufika kwake, usishone juu yake. Ukitaka kutengeneza bulangeti ya mtu mkubwa, haitapita chini ya mashini. Ishone kwa vipande vinne, halafu viunge.

8. MAMA MMOJA NA BINTI YAKE

Tunataka kueleza jambo moja lililotufundisha zaidi kuliko maneno yote ya juu.

Tangu mwisho wa mwaka wa 2017 na mwanzo wa 2018 watu wengi sana walikimbia vita katika Djugu na kufika hapa Bunia. Wengine walikaa katika kambi, wengine kwa jamaa, na watoto wao wako pamoja nasi darasani. Mwenzetu mmoja alifika hivyo. Mama yake alikuwa fundi wa kushona. Siku ya kukimbia hakuweza kubeba mashini nzima, kwa hiyo alitoa kichwa chake katika meza, akakifunga kwa kikwembe, akakibeba. Kichwa kile ni chuma, kinapita kilo 10. Meza na pedali vilibaki, na hakuviona tena.

Hapa Bunia aliweka kichwa juu ya sanduku, akatafuta mkono wa kuzungusha gurudumu. Mashini ya mkono inashona vizuri mstari wa kunyooka: mkono mmoja unazungusha, mwingine unaongoza. Lakini kushona bila kiguu kunataka mikono miwili juu ya kitambaa. Nani atazungusha? Wateja walikuwa wanauliza maua kwa shingo za bluzi, na yeye hakuweza kuwapa, hata kama kazi aliijua.

Basi aliita binti yake, wakati ule akiwa bado katika shule ya msingi. Akamwambia: "Kaa hapa. Wewe ni miguu yangu." Binti alizungusha, mama alisogeza kitambaa. Siku za kwanza uzi ulikatika bila kuhesabu. Mama alikuwa anasema, "Polepole, tunapinda," na binti alichelewa kusikia. Baadaye walipata njia. Mama alianza kuhesabu kwa sauti ya chini, moja mbili, moja mbili, na binti alizungusha kufuata hesabu. Penye kupinda mama alivuta hesabu. Kisha ya wiki kadhaa hawakuhitaji hesabu tena. Binti alisikia pumzi ya mama, akajua.

Kwa kazi ile walikula, na kwa kazi ile yeye alirudi shuleni. Leo akikaa kwa pedali yetu, miguu yake inatembea sawa saa. Tulipomwuliza siri yake, alijibu, "Mimi nilianza kuwa miguu mbele ya kuwa mikono."

Tangu siku ile tumefanya jambo hili kuwa zoezi. Wanafunzi wawili wanakaa kwa mashini moja: mmoja anazungusha gurudumu kwa mkono, mwingine anasogeza kitambaa, halafu wanabadilishana. Kila mmoja anasikia kwa mwenzake kile ambacho hakisikii ndani yake mwenyewe. Anayezungusha anajua mikono inapomkimbia. Anayesogeza anajua miguu inapomwacha. Tena, kwa sababu mashini ni kidogo na wanafunzi ni wengi, wawili wanajifunza katika nafasi ya mmoja.

9. MASWALI TUNAYOULIZWA

"Kazi hii itatusaidia nini katika mtihani wa serikali?" Tunajibu bila kuficha: kwa wa sehemu zingine, labda haitaongeza hata pointi moja. Lakini mtihani ni siku chache, na nyuma yake kuna kungoja matokeo, na kwa wengi miaka ya kungoja pesa ya kuendelea. Tumeona wakubwa wetu waliopata diploma wakikaa barazani. Anayejua kuziba tundu na kutarizi shingo ya bluzi anaweza kungoja huku anakula.

"Wavulana nao?" Angalieni barazani mwa maduka ya mji, muone nani wanaokaa kwa mashini. Mafundi wengi ni wanaume. Basi kwa nini katika shule mvulana aogope kuchekwa? Mashini haijui nani anakanyaga pedali.

"Tutavunja sindano za shule." Ndiyo, sindano zitavunjika. Kwa hiyo kila mwenye kuja alete sindano yake moja kuukuu ya karatasi, na moja nzima ya kitambaa. Vipande vya sindano iliyovunjika visitupwe chini. Kuna sanduku lake, kwa sababu wengine wanatembea bila viatu. Anayemaliza, afagie, atie mafuta matone mawili, afunike mashini.

10. MASWALI YA KUJIJARIBU

Jibuni bila kurudi nyuma kusoma:

1. Vitu gani viwili vinaongoza kitambaa katika kushona kwa kawaida?
2. Kwa nini unashusha mkono wa kiguu hata kama kiguu kimeondolewa?
3. Matundu ya karatasi yako yako karibu karibu sana. Nani alikimbia, miguu ao mikono?
4. Vitanzi vinaonekana kwa kona tu. Utashika visi ao utashika mwendo wako?
5. Unataka bulangeti ya sentimetri 120 kwa 90, na viraka vya kipimo kile kile. Utakata vingapi?

Majibu yatabandikwa kwa mlango wa chumba cha kushona. Mazoezi ni siku ya nne kila juma, nyuma ya masomo, mpaka saa kumi na moja. Mnakaribishwa wote, wa sehemu zote, na walimu pia. Bulangeti tatu za kwanza tutakazomaliza pamoja zimekwisha kupata wenyewe: ni watoto wachanga watatu wa jamaa za wenzetu, waliozaliwa kambini, fasi baridi ya usiku inaingia chini ya hema. Viraka 243 vinahitajika. Mpaka jana tulikuwa na 160. Leteni vipande.